Mtu Aliyesimama Ng'ambo ya Barabara

Asubuhi ile nilipofika koleji nilikuta mnyororo mlangoni. Ulikuwa mnyororo mnene, wa kufungia lango la ghala, umezungushwa mara tatu kwenye mshikio wa ule mlango mwembamba uliobanwa kati ya duka la sari na duka la simu, pale Wembley. Wenzangu kama kumi walikuwa wamesimama kando ya barabara, wamekumbatia mafaili yao. Kwenye kioo palibandikwa karatasi iliyosema kwamba masomo yamesitishwa na wanafunzi watajulishwa. Tulijua hatutajulishwa. Mmoja wetu alikwenda kwenye kibanda cha simu akampigia mwalimu mkuu. Alirudi akatikisa kichwa tu.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na sita. Nilikuwa nimetoka Voi mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo, na siku ya kuagwa mchungaji wetu aliniwekea mikono kichwani mbele ya kanisa zima akasema Mungu ameniandalia njia ng'ambo. Niliyaamini maneno yale kama ninavyoamini kesho kutakucha. Sasa nilikuwa nimesimama kwenye baridi ya Novemba natazama kufuli. Viza yangu ilibakiza miezi minne, na iliitegemea koleji ile.

Dada mmoja wa kanisani, mwenyeji wa Nakuru aliyekuwa London miaka mingi, alinipeleka kwa mshauri wa mambo ya uhamiaji. Alikuwa mzee mkimya mwenye ofisi ya chumba kimoja juu ya duka la mboga. Aliichukua pasipoti yangu, akajaza fomu, akaandika kwamba ninatafuta koleji nyingine na ninaomba kuongezewa muda. Kisha akavitia vyote kwenye bahasha ya kwenda Wizara ya Mambo ya Ndani.

"Sasa ni kusubiri," alisema.

"Kwa muda gani?"

"Miezi mitatu. Labda mwaka." Alilamba ukingo wa bahasha akaibana kwa kidole gumba. "Wasipokujibu, usiwaulize."

Neno hilo lilinikaa moyoni. Nilishuka ngazi nikihisi kwamba kuna mahali jina langu limeandikwa, na kwamba ni heri lisisomwe.

Ni yule yule dada wa Nakuru aliyenipatia kazi na mahali pa kulala. Yeye alikuwa akitunza wazee, na kupitia kazi hiyo alimfahamu Mhindi mmoja wa makamo, mwenye duka la vifaa vya umeme, aliyetafuta mtu wa kukaa na mama yake huko Queensbury. Saa za kazi zilikuwa zile zile chache ambazo mwanafunzi aliruhusiwa, na chumba kilikuwa sehemu ya mapatano. Yule bwana alisoma barua ya mshauri wangu mara mbili, akanirudishia, akauliza natoka wapi. Nilipomwambia Kenya, uso wake ulilegea.

"Mama yangu atafurahi," alisema kwa Kiingereza. "Alikulia Kampala. Kiswahili chake hakina mtu wa kuongea naye."

Watoto na wajukuu walimwita Ba, nami nikamwita hivyo hivyo. Alikuwa mdogo wa mwili, mjane wa siku nyingi, daima katika sari nyeupe na sweta ya kahawia juu yake, soksi za sufu na kandambili. Nyumba yake, ambayo mwanawe ndiye aliyeinunua, ilikuwa kama nyumba zote za mtaa ule: dirisha lenye mbinuko mbele, bustani ndogo iliyomwagwa zege ili gari liegeshwe. Ndani ilinukia mbegu za haradali zilizokaangwa. Kwenye kabati moja la jikoni, pale ambapo watu wengine wangeweka vikombe, aliweka miungu yake na taa ndogo ya samli, na kila asubuhi alifungua milango ya kabati, akasali, kisha akaifunga tena taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

"Wewe nakula kwanza," ndilo lililokuwa neno lake la kwanza kwangu. "Kazi iko nyuma."

Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, cha kuuza vitambaa, lakini alikuwa hajakisahau hata kidogo. Aliniita beta, yaani mwanangu. Tulipozoeana, akawa ananiuliza asubuhi, baada ya yeye kufunga kabati lake na mimi kushuka kutoka chumbani nilikopiga magoti:

"Mungu yako nasema nini leo?"

"Hajasema kitu, Ba."

"Yangu pia nanyamaza." Kisha alikuwa akinimiminia chai.

Chini ya kitanda chake palikuwa na sanduku. Nililigundua siku ya kwanza nilipokuwa napiga ufagio. Nilidhani ni vitu vya zamani, lakini lilikuwa zito na mikanda yake ilikuwa mipya. Nikalivuta nje ili nisafishe chini. Ba alikuja upesi kuliko nilivyodhani anaweza kutembea, akaketi juu yake.

"Hii hapana gusa. Hii iko tayari."

"Tayari kwa safari gani, Ba?"

Alinijibu wiki kadhaa baadaye, mchana mmoja wa mvua, tukiwa tunachambua dengu mezani. Alinieleza habari za mwaka ambao Wahindi walifukuzwa Uganda. Mume wake alikuwa na duka la vitambaa na nyumba yenye baraza. Wengine walikuwa wameanza kuondoka, lakini mume wake alisema mambo yatatulia. Kisha mtu mmoja akaja kusimama ng'ambo ya barabara. Hakuwa na sare wala bunduki. Alikuwa na daftari.

"Yeye natazama nyumba, naandika. Siku ya kwanza naandika, nakwenda. Siku ya pili naandika, nakwenda. Mimi naambia bwana yangu, iko mtu pale. Yeye nasema, wacha mambo ya wanawake." Ba alitupa jiwe dogo alilolitoa kwenye dengu. "Siku ya tatu pia. Halafu wao nakuja na lori."

Tangu hapo, alisema, katika kila nyumba aliyoishi alikuwa na sanduku moja lililofungwa. Kila mwaka alilifungua, akabadilisha nguo zilizoliwa na nondo, akalifunga tena. Mume wake alikuwa akimcheka mpaka alipofariki.

Sikucheka. Jioni ile nilikwenda chumbani kwangu nikafungasha sanduku langu pia. Niliacha nje nguo mbili za kubadilisha na Biblia.

Miezi mitatu ilipita, ikawa mitano. Viza yangu iliisha tarehe yake. Mshauri alikuwa ameniambia kwamba niko salama kisheria maadamu ombi linasubiri jibu, lakini ni vigumu kujihisi salama huku huna hata kitabu chenye picha yako. Nilianza kuogopa kisanduku cha barua. Hapo mlangoni palikuwa na mwanya wa shaba, na kila asubuhi barua zilipoanguka mkekani nilikimbia kuzipekua.

Jumapili nilipanda basi kwenda Wembley, kanisa letu likikutana katika ukumbi wa shule ya msingi. Tulipanga viti vyetu chini ya michoro ya watoto. Jumapili moja mama mmoja wa kwaya hakuonekana. Baada ya ibada tulisikia, kwa minong'ono, kwamba watu wa uhamiaji walimfuata kazini, kwenye jiko la hoteli, kabla ya saa sita mchana. Hawakumpa nafasi ya kupita nyumbani. Alifika Nairobi amevaa viatu vyake vya kazini, vile vya mpira vyeupe. Wiki iliyofuata kiti chake kilikaliwa na mtu mwingine na tuliimba kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Mchungaji hakumtaja.

"Usikiri woga," dada wa Nakuru aliniambia tukikunja viti. "Sema kwa kinywa chako: viza yangu imetoka."

Nilisema, kwa kumridhisha. Nilihisi kama ninasema uongo mbele ya Mungu, tena kwa sauti.

Hapa lazima niseme jambo ambalo sijalisimulia kwa watu wengi. Majira ya kuchipua yalipoanza, Ba alianguka bafuni. Nilimkuta ameketi sakafuni, mkono wake umeshikilia bomba, uso wake una aibu zaidi ya maumivu. Nilimwinua, nikamkanda goti.

"Kijana yangu wewe hapana ambia," alisema.

"Sawa, Ba."

Ningependa kuandika kwamba nilinyamaza kwa kumheshimu. Nilinyamaza kwa sababu mwanawe akijua mama yake anaanguka atampeleka kwenye nyumba ya wazee, na nyumba hii itafungwa, na mimi sina pa kwenda. Alianguka tena mara ya pili, kwenye ngazi, ngazi mbili tu kutoka chini. Halafu siku moja nilirudi kutoka dukani nikakuta gesi inavuma bila moto na yeye ameketi sebuleni anatazama televisheni. Nilifungua madirisha yote. Mwanawe alipopiga simu jioni akauliza, "Kila kitu sawa?" nilijibu, "Kila kitu sawa." Na usiku huo huo nilimwomba Mungu anitunze.

Mtu yule alitokea mwezi wa Juni.

Ba ndiye aliyemwona kwanza. Alipenda kukaa kwenye kiti nyuma ya pazia la neti, akitazama mtaa. Aliniita kwa sauti ya chini sana.

"Beta. Njoo. Hapana sogeza pazia."

Ng'ambo ya barabara, karibu na nguzo ya taa, alisimama mwanamume mweupe aliyevaa koti jeusi ingawa siku haikuwa ya baridi. Alikuwa na kibao chenye karatasi. Alitazama paa letu, akaandika. Akatazama madirisha ya juu, lile la chumba changu likiwa mojawapo, akaandika. Kisha akaingia kwenye gari la kijivu akaondoka.

"Labda ni mtu wa manispaa," nilisema.

Ba alikuwa ameshika ukingo wa sari yake kwa mikono miwili.

Siku tatu baadaye alirudi, mahali pale pale, saa ile ile ya alasiri. Safari hii alipiga picha. Nilisimama nyuma ya pazia nikihesabu pumzi zangu. Niliwaza juu ya yule mama wa kwaya na viatu vyake vyeupe. Niliwaza kwamba barua haikuja kwa sababu wameamua kuja wenyewe. Nilipompigia mshauri wangu, simu yake ililia tu.

Tuliacha kufungua mapazia. Mchana wa Juni, jua liko nje, watoto wa jirani wanarusha mpira ukutani, na sisi wawili tumekaa gizani tunakunywa chai. Nilijaribu kusoma zaburi na macho yakawa yanapita juu ya maneno. Nilikuwa nimefundishwa tangu utoto kwamba Mungu huongoza hatua za mtu. Mimi sikuona hatua yoyote mbele yangu. Niliona mlango tu, na mtu nyuma yake.

Mara ya tatu hatukumwona. Jirani alituambia kwamba kulikuwa na bwana mwenye koti jeusi aliyeuliza kama nyumba hii ina watu mchana.

Ijumaa, saa nane, mlango uligongwa.

Ba alikuwa amenishika mkono kabla sijainuka. Nguvu zake zilinishangaza. Alinivuta hadi kwenye kabati la chini ya ngazi, akalifungua, akanisukuma kati ya makoti na mashine ya kufagilia.

"Kaa. Hapana sema kitu."

Nami nilikaa. Mwanamke mzima, mwenye cheti cha shule ya upili na barua ya kanisa, nilikunja magoti gizani nikakumbatia koti la marehemu mume wa Ba. Mlango uligongwa tena, kwa nguvu zaidi. Nilijaribu kuomba. Maneno yote mazuri niliyokuwa nayajua yalinikimbia. Nilisema tu, "Bwana, uko wapi?" nikasema tena, "Uko wapi?"

Kisha nikasikia fimbo ya Ba sakafuni. Tok, halafu kimya, halafu tok. Ilikuwa inaelekea mlangoni. Alikuwa hajaingia mahali pa kujificha. Mwanamke aliyeogopa kugongwa kwa mlango kwa karibu miaka thelathini alikuwa anakwenda kuufungua, ili wakimkuta yeye wasinitafute mimi.

Sijui niseme nini juu ya dakika ile. Sikusikia sauti, wala sikupata amani. Nilipata aibu, na aibu ile ilinisimamisha. Nilitoka kabatini nimejaa vumbi, nikamfikia Ba kabla hajashika komeo, nikamweka nyuma yangu. "Bwana," nilisema moyoni, "wakinichukua, wanichukue nimesimama." Nikafungua.

Yule mtu alitabasamu. Aliomba radhi kwa kusumbua, akanipa kadi. Alikuwa dalali wa nyumba. Mwenye nyumba, alisema, amemwomba aje kukadiria bei. Alikuwa amepita mara kadhaa kutazama paa na sehemu ya mbele, na sasa angependa kupima vyumba, kama hatuna neno.

Nilikaribia kucheka kwa nafuu. Ndipo nilipogeuka nikamwona Ba.

Alikuwa amesoma kadi mkononi mwangu. Alimfuata yule mtu chumba kwa chumba, fimbo yake ikigonga, akamtazama akivuta tepu yake ya kupimia kutoka ukuta hadi ukuta. Alipima sebule. Alipima chumba changu. Alipofika chumbani kwa Ba alipiga goti kupima chini ya dirisha, na viatu vyake vikagusa lile sanduku.

Alipoondoka, Ba aliketi kwenye ngazi.

"Mimi naambia wewe," alisema, bila ushindi wowote. "Wao nakuja."

Walikuwa wamemjia yeye. Wiki zote zile nilikuwa nikidhani ni mimi ninayesakwa, na yeye akidhani hivyo hivyo, akaniweka kabatini.

Mwanawe alikuja Jumapili. Sikwenda kanisani siku hiyo. Tuliketi jikoni, Ba akiwa amelala juu, na alianza kunieleza kwa sauti ya mtu aliyejiandaa kulaumiwa. Jirani alikuwa amempigia simu: Ba alionekana barabarani asubuhi moja na nguo za kulalia, akiuliza watu njia ya kwenda sokoni Kampala, mimi nikiwa nimekwenda kununua maziwa. Duka lake lilikuwa linamchukua kuanzia alfajiri. Hakuwa na namna nyingine. Alikuwa amepata nafasi katika nyumba ya wazee upande wa Rayners Lane, ya Wagujarati wenzao, chakula chao, sala zao.

"Nilitaka kumwambia mwenyewe," alisema. "Kila nikija nashindwa."

Nilimwambia basi. Kuanguka bafuni, kuanguka kwenye ngazi, gesi. Nilimwambia kwamba kila aliponiuliza nilimdanganya.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Niliogopa. Sina mahali pengine."

Nilingoja anifukuze. Alifunika uso kwa viganja. "Mimi pia niliogopa," alisema. "Nilijua unanificha kitu, nikafurahi kwamba unanificha."

Ba alihamishwa mwishoni mwa Julai. Siku nne kabla ya hapo, barua yangu ilikuja. Ilianguka mkekani pamoja na matangazo ya mazulia. Ombi langu limekataliwa, kwa kuwa siko katika koleji yoyote inayotambulika. Ninatakiwa niwe nimeondoka nchini ifikapo tarehe fulani. Pasipoti ilikuwa ndani, na kona yake moja ilikuwa imekunjika.

Mshauri alisema tunaweza kukata rufaa, ingawa hakuona tutasimamia nini. Rufaa ingeninunulia muda tu. Dada wa Nakuru alikuwa na njia nyingine. Alinikuta kwenye kituo cha basi Wembley, akanishika kiwiko, akaongea haraka.

"Kuna binti amerudi nyumbani kuolewa. Makaratasi yake yako safi, mnafanana kidogo. Kazi ipo, kule ninakofanya mimi. Utaitwa jina lake kazini tu."

"Na nikiugua? Mama akifa, nitarudije kumzika?"

"Usikiri kifo. Mungu amefungua mlango, wewe unauliza bawaba zake." Macho yake yalikuwa na machozi. Alinipenda, sina shaka. "Unafikiri mimi niliingiaje? Hili jina mnaloniitia kanisani, ni la nani?"

Sikuwa nimejua. Muda wote ule alikuwa akinitia moyo akiwa ndani ya jina la mtu mwingine.

Nilimwomba siku mbili. Nilirudi Queensbury na nikafunga, nikaomba nipewe ishara. Haikuja. Hakuna mstari wa Biblia ulioniruka machoni, hakuna ndoto. Kitu pekee nilichokuwa nacho ni kumbukumbu ya lile kabati, harufu ya dawa ya nondo na koti la marehemu, na sauti ya fimbo ikielekea mlangoni. Nilijua kwamba nikichukua jina lile nitarudi humo ndani, na safari hii nitakaa miaka. Wengine wanaweza kukaa humo na bado wakamwona Mungu. Mimi nilijijua. Nilikwisha kuona nilivyokuwa mtu wa namna gani nikijificha: mtu anayesikia gesi ikivuma na kusema kila kitu sawa.

Nilimwambia hapana. Akasema, "Basi umekosa imani tu." Hatukuonana tena kabla sijaondoka.

Siku ya kuhama, Ba alivaa sari mpya nyeupe. Mwanawe alibeba sanduku hadi garini na hakuna aliyecheka. Nilipanda nyuma pamoja na Ba. Njia nzima alishika mkono wangu na kusoma vibao vya maduka kwa sauti ndogo. Chumba chake kipya kilikuwa na dirisha linaloangalia maegesho ya magari. Alikagua kabati, akaona kwamba miungu yake itaenea, akaketi kitandani.

"Wewe nakwenda wapi sasa?" aliniuliza.

"Nyumbani, Ba. Baada ya hapo sijui."

"Mungu yako nasema nini?"

"Bado amenyamaza."

Alitikisa kichwa polepole. "Lakini wewe naomba."

"Naomba."

"Haya," alisema. "Mimi pia." Kisha akaniuliza kama nimekula.

Niliondoka London siku tisa kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye barua. Ofisa wa uwanja wa ndege aliitazama pasipoti yangu, akaitazama ile barua, akanipisha. Ndani ya ndege nililia mpaka mama aliyeketi kando yangu akabadilisha kiti.

Ba aliishi mwaka mmoja na miezi michache. Mwanawe aliniandikia barua fupi kunijulisha. Alisema kwamba mwishoni mama yake alikuwa akiongea Kiswahili na wahudumu, nao hawakujua anataka nini. Niliisoma barua hiyo mara nyingi na hata leo siwezi kuimaliza vizuri. Dada wa Nakuru, kwa upande wake, alipata makaratasi yake halisi baada ya miaka, kwa jina lake mwenyewe, na sasa ana nyumba Wembley. Hakupatwa na baya lolote, nami nashukuru. Sababu ya kuondoka kwangu haikuwa kwamba nilijua yatakayowapata wanaobaki.

Mimi nilikaa nyumbani karibu miaka miwili bila kazi ya maana kabla ya kuchukuliwa chuo cha uuguzi, tena kwa jaribio la pili. Majirani waliamini nilifukuzwa kwa kosa fulani. Jumapili ya kwanza niliporudi, mchungaji yule aliyeniwekea mikono aliniita mbele nitoe ushuhuda. Nilishika kipaza sauti nikaona nyuso zote zimeinuliwa, zinangoja kusikia njia niliyoandaliwa.

"Nimerudi," nilisema. "Sijui ninakokwenda. Bado ninamwamini Mungu, lakini ninaogopa. Mniombee."

Walingoja niendelee. Feni ilizunguka juu yetu ikilia. Nilimrudishia mchungaji kipaza sauti, nikaenda kukaa karibu na mama yangu, naye akasogeza mkoba wake kunipisha.